Mzee Pazi Ahama kwa Furaha

Nchi yenyewe ipo, ila ramani yake imepelekwa kwa fundi kutiwa fremu ya dhahabu, na mpaka irudi hakuna anayeruhusiwa kuitaja kwa jina. Tuseme tu kwamba ilikuwa nchi yenye serikali iliyowapenda sana wananchi wake, hasa wakiwa mbali.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na mtaa ulioitwa Dimbwini. Ulikuwa bondeni, na maji ya mvua ya mji mzima yalikuja kupumzika pale kabla ya kuendelea na safari. Kwa miaka hamsini serikali haikujua kama Dimbwini ipo. Siku moja dereva wa Waziri wa Mwonekano akapotea njia, gari likakwama kwenye tope mbele ya karai la Mama Chausiku, mpika vitumbua. Waziri akashusha kioo ili agombe. Harufu ikaingia. Akala kitumbua kimoja, akala tisa, akatazama huku na huku, kisha akatamka maneno ambayo siku hizi yamechongwa kwenye jiwe palepale: "Hapa ni pazuri sana. Wanakaa watu gani, na kwa nini?"

Haukupita mwezi, mtaa ukapewa jina jipya: Dimbwini Haitsi. Wenyeji walielezwa kwamba Haitsi ni mahali pa juu. Mwalimu mmoja mstaafu alinyanyua mkono akauliza bonde linakuwaje juu. Akajibiwa kwamba urefu ni hali ya moyo, akaombwa akae.

Kisha mtaa wote ukazungushiwa mstari mweupe wa rangi, ukawekwa geti moja, na getini likawekwa daftari. Waziri akaja kuhutubia, safari hii akiwa na dereva mwingine.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wapo wapotoshaji wanaoeneza kwamba tutawahamisha. Serikali hii haijawahi kumhamisha mtu! Serikali inapendezesha. Ukishapendezesha mahali, asiyependeza anajiona mwenyewe. Hakuna tingatinga litakaloingia hapa, kwa sababu tingatinga lina kelele na wakazi wapya hawapendi kelele. Ila sheria inasema hivi: mkazi wa zamani atakayevuka mstari huu kwa miguu yake, bila kusukumwa, na bila kuandika sababu kwenye daftari, atahesabiwa kuwa amehama kwa hiari na kwa furaha. Nyumba yake itatunzwa na Wizara. Naye tutampigia matarumbeta!"

Watu walipiga makofi sana, maana katika hotuba yote walichokisikia vizuri ni matarumbeta.

Sababu zilizokubaliwa kuandikwa kwenye daftari zilikuwa tano: soko, kazi, hospitali, ibada, na mazishi, mradi marehemu awe na kitambulisho. Upande wa kuingia, sheria ilikuwa fupi zaidi. Yeyote aliyeingia getini akifuatana na afisa wa Wizara alikuwa Mkazi Mpya papo hapo, akapewa ua moja na haki zote.

*

Sasa, katika nyumba ya saba kutoka getini alikaa Mzee Pazi Kinyogoli, fundi majiko, pamoja na mkewe Bi Hadia. Nyumba hiyo waliijenga wenyewe, chumba baada ya chumba, kwa kadiri watoto walivyozaliwa, na ndiyo maana ilikuwa na vyumba sita na kibanda kimoja kilichojengwa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuja. Chini ya baraza palikuwa na jiwe ambalo Mzee Pazi aligongea bati kwa miaka arobaini, hata likachongeka umbo la goti lake.

Mzee Pazi alijivunia mambo mawili duniani. La kwanza ni majiko yake, ambayo hayakuwahi kuyumba. La pili ni kwamba hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwake peke yake. Alikuwa akisindikiza. Wengine husindikiza hadi mlangoni, wengine hadi konani, lakini Mzee Pazi alisindikiza mpaka mazungumzo yaishe, na mazungumzo yake yalikuwa na mizizi. Mwaka mmoja alimsindikiza shemeji yake hadi stendi ya mabasi, akapanda naye ili ammalizie jambo dogo kuhusu mbuzi, na basi likaondoka nao wote wawili. Alirudi baada ya siku nne. Bi Hadia alimuuliza kulikoni, akajibu, "Ingekuwaje, nimwache shemeji njiani?"

Wakazi Wapya walipoanza kuingia, mzee aliwapokea kwa moyo mweupe. Walikuwa watu wapole, wenye mbwa waliovaa masweta. Asubuhi walikimbia kuzunguka mtaa wakiwa wamevaa nguo za kubana, na siku ya kwanza Bi Hadia alitoka na mwiko mkononi akapaza sauti, "Nani anawafukuza? Elekezeni alipo!"

Walikuwa na kundi lao la simu, na humo waliulizana mambo yaliyowatatiza. Mmoja aliandika: "Kuna mama mtu mzima amesimama mlangoni kwangu anarudia neno hodi. Je, ni hatari?" Akashauriwa azime taa na akae kimya. Jogoo wa Bi Hadia aliandikiwa barua ya onyo, kwa jina lake, akitakiwa kuwika kuanzia saa tatu asubuhi na kwa zamu. Nyundo ya Mzee Pazi nayo ililalamikiwa wiki nzima, mpaka mama mmoja alipopanda ua ndani ya jiko la mkaa, akaliweka sebuleni. Tangu hapo wakamwomba agonge kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, wanapokuwa na wageni, tena kama hatojali, agonge huku anatabasamu.

Mzee Pazi akatabasamu. Jambo moja tu lilimsumbua. Majirani walikuwa wanapungua.

Alianza mwalimu mstaafu. Jumatatu alikuwapo, Jumanne matarumbeta yalilia getini, na Jumatano nyumba yake ilikuwa duka la mishumaa yenye harufu ya nyasi. Wakafuata ndugu wawili waliokuwa wakitengeneza baiskeli. Kisha akafuata Mama Chausiku mwenyewe. Karai lake lilitundikwa ukutani katika mkahawa mpya ulioitwa Karai, ambamo vitumbua havikuuzwa.

"Wanahama kwa furaha," alisema Mzee Pazi, bila uhakika.

"Furaha gani?" alisema Bi Hadia. Alikuwa anachambua mchele, na alipochambua mchele alifikiri vizuri zaidi. "Mama Chausiku kaacha unga umeloweka. Nani anahama kwa furaha akaacha unga umeloweka? Nimeuliza mmoja mmoja, Baba Mwanahawa. Mwalimu alikuwa na mgeni. Wale ndugu walikuwa na mgeni. Mama Chausiku alikuwa na mgeni. Kijana mstaarabu, mwenye mkoba. Kaja, kakaa, kala, kaaga. Nao wakatoka kumsindikiza."

"Walitaka wafanyeje? Wamwache aende peke yake kama kuku?"

"Wakavuka mstari wakiwa wanazungumza! Kusindikiza mgeni si miongoni mwa zile sababu tano!"

Mzee Pazi akaweka nyundo chini. Alitazama mstari mweupe kule mbele, kisha akatazama miguu yake.

"Apa," alisema Bi Hadia. "Apa kwamba mgeni akiaga, wewe unaishia kizingitini."

"Mama Mwanahawa, bora uniambie nitembee bila suruali."

"Bila suruali utarudi nyumbani. Apa!"

Akaapa, kwa sauti ndogo, huku akitazama pembeni.

*

Mgeni alifika Alhamisi baada ya adhuhuri. Alisimama nje, akabisha hodi tatu kwa sauti ya mtu aliyelelewa, akavua viatu, akaingia.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana."

"Naitwa Gaudensi. Napita tu kuwajulia hali."

Bwana Gaudensi alikuwa Afisa Mwandamizi wa Kuaga katika Wizara ya Mwonekano. Alilelewa na bibi yake katika mtaa kama huu huu, na Wizara ilimwajiri kwa sababu hiyo hasa, maana maafisa waliosomea ng'ambo walikuwa wakiaga kwa kupunga mkono, na hakuna mzee aliyewahi kumsindikiza mtu anayepunga mkono.

Alikaa saa nzima. Alisifu wali, akasifu majiko, akauliza habari za watoto wote sita na hali ya miguu ya mzee. Bi Hadia alimkazia macho kama anayechagua samaki sokoni. Hatimaye mgeni akajipigapiga magoti.

"Haya wazee wangu, ngoja nijongee."

"Mapema hivi?" alisema Mzee Pazi.

"Mwache kijana aende, ana kazi zake," alisema Bi Hadia.

Mzee akainuka. Akafika kizingitini. Vidole vyake vya miguu vikaning'inia nje ya kizingiti, vikichezacheza. Mgeni akashuka barazani, akavaa viatu polepole, kiatu kimoja akakifunga kamba mara mbili. Mzee Pazi akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Nenda salama, mwanangu," alisema kwa shida. Jasho lilimtoka.

Bwana Gaudensi akaondoka peke yake. Getini karani wa daftari alikuwa amejificha nyuma ya chungu cha maua, cheti cha kuhama tayari mkononi, na wapiga tarumbeta watatu wamejaza mashavu. Ikabidi washushe pumzi.

Ijumaa alirudi na kilo mbili za sukari. Mzee alishikilia mlango. Jumamosi alirudi kuja kutoa pole kwa msiba wa mtu ambaye hakuna aliyemfahamu. Mzee alishikilia mlango, ingawa bawaba moja ililegea. Jumapili Bwana Gaudensi hakuja. Alikuwa ofisini akipewa silaha ya mwisho ya Idara ya Kuaga, ambayo hutolewa kwa saini ya Waziri peke yake.

Jumatatu akaja nayo. Ilikuwa hadithi.

"Mzee wangu, umesikia habari za yule mkuu wa wilaya aliyemeza ufunguo wa sefu ya serikali?"

"Alimeza!" Mzee Pazi alisogeza kigoda.

"Alimeza. Siku ya ukaguzi. Wakaguzi wanashuka kwenye gari, yeye ufunguo kooni. Wakamlaza juu ya meza ya mikutano. Mganga wa wilaya akaja na sumaku. Mkewe akaja na uji wa moto. Wakamgeuza, wakamtikisa, ufunguo unasikika ndani, kwaa, kwaa. Mkuu wa wakaguzi akasema, leteni msumeno…"

"Msumeno!"

"…na papo hapo, mlango ukafunguliwa. Watu wote wakanyamaza. Akaingia…" Bwana Gaudensi akatazama saa yake. "Lo, nimechelewa. Wazee wangu, ngoja nijongee."

Akainuka.

"Akaingia nani?" aliuliza Mzee Pazi.

"Nitakwambia tukiwa tunatembea," alisema mgeni, akavuka kizingiti.

Msomaji asimcheke mzee. Kiapo kilikuwa kimoja, na mambo yaliyomvuta yalikuwa mawili, adabu na mlango uliofunguliwa. Akavuka kizingiti akiwa na nyundo mkononi. Akashuka barazani.

"Akaingia nani, mwanangu?"

"Subiri nikueleze kwanza alivyokuwa amevaa."

"Baba Mwanahawa!" aliita Bi Hadia.

Wakapita duka la mishumaa. Wakapita mkahawa wa Karai. Mkuu wa wilaya alikuwa bado mezani, msumeno umeshafika, mlango bado uko wazi, na aliyeingia alikuwa na kofia.

"Pazi!" aliita Bi Hadia, ambaye hakuwahi kumwita mumewe kwa jina tangu siku ya harusi.

Mzee akashtuka, akasimama, akatazama chini. Mstari mweupe ulikuwa nyuma ya visigino vyake.

Matarumbeta yakalia. Karani akaruka kutoka nyuma ya chungu, akamvisha taji la maua, akamkabidhi Hati ya Kuhama kwa Furaha, iliyokuwa na picha ya ndege anayetabasamu. "Hongera sana, mzee! Toa neno moja la furaha, liingie kwenye ripoti."

Mzee Pazi akageukia kwake. Kule nyumbani mafundi wawili wa Wizara walikuwa wameshafika na futi, wanapima upana wa mlango, na Bi Hadia anawapima wao kwa mwiko. Mmoja wao alikuwa amekaa juu ya lile jiwe la goti, analipigapiga, anamwambia mwenzake, "Hili litafaa bafuni." Mzee alitazama, na macho yake yakalegea kama ya mtu anayeona shati lake limevaliwa na mwingine.

Kisha akamgeukia Bwana Gaudensi. Hakumtukana wala kumsihi. Alimwambia jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo kwake halikuhitaji kuelezwa.

"Haya, mwanangu. Nimekusindikiza mpaka hapa, na hapa ni mbali. Nirudishe."

Bwana Gaudensi akafungua mdomo.

"Mzee, sheria…"

"Mimi ni mtu mzima. Umenitoa barazani kwangu, umenifikisha hapa, sasa unanigeuzia mgongo? Nani kakulea wewe?"

Laiti asingeuliza swali hilo. Bibi yake Bwana Gaudensi alikuwa amefariki miaka kumi na minane iliyopita, lakini kidole chake kilikuwa hai, na wakati ule Bwana Gaudensi alikihisi kikimgonga kisogoni. Kichwa chake kilikuwa cha Wizara, ila miguu ilikuwa ya bibi. Miguu ikageuka.

"Twende, mzee," alisema, huku anajishangaa. "Nitakurudisha kidogo."

"Bosi!" alisema karani.

"Kidogo tu!"

Wakavuka mstari wakirudi ndani, wamefuatana, mzee na taji lake. Wakafika barazani. Fundi aliyekuwa juu ya jiwe akainuka. Mzee Pazi akakaa, goti likaingia mahali pake.

"Haya mzee," alisema Bwana Gaudensi akiwa na matumaini, "ngoja nijongee."

"Twende nikusindikize," alisema Mzee Pazi, na safari hii Bi Hadia hakumzuia, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye ngazi anasoma sheria ya geti iliyochapwa nyuma ya kalenda ya Wizara, huku anacheka peke yake.

Wakavuka mstari. Matarumbeta yakalia. Karani akaruka na hati nyingine, akainua kalamu, kisha akaishusha.

"Bosi. Kuna tatizo. Sheria inasema mkazi wa zamani."

"Ndiyo, na huyu ni nani?"

"Huyu ameingia getini akifuatana na afisa wa Wizara. Nimemwona kwa macho yangu. Ni Mkazi Mpya." Karani alitafakari, akachomoa ua kwenye chungu, akampa mzee. "Karibu sana Dimbwini Haitsi, mheshimiwa. Mbwa unaye?"

"Nina jogoo," alisema Mzee Pazi.

"Anavaa sweta?"

"Bado."

Bwana Gaudensi alikaa juu ya ukingo wa barabara, akashika kichwa. Lakini mzee hakuwa amemaliza, kwa sababu kumrudisha mtu ni wajibu, na Bwana Gaudensi alikuwa hajamrudisha kwa mara hii ya pili. Akamwinua kwa mkono. "Twende, mwanangu, tupitie kwa Mama Chausiku. Ni hapo tu ng'ambo, kwa dada yake. Na yeye si ulimwacha njiani?"

Walikwenda kwa Mama Chausiku, wakamrudisha. Walikwenda kwa mwalimu. Walikwenda kwa ndugu wa baiskeli, ambao walirudi kila mmoja na safari yake, kwa kuwa mmoja alisahau pampu. Kila aliyeingia aliingia na afisa, na kila mmoja akapewa ua, mpaka vyungu vikabaki vijiti vitupu na mpiga tarumbeta mmoja akalazwa chini apepewe. Wakazi Wapya walitoka kwenye roshani wakapiga makofi. Waliandikiana kwenye kundi la simu kwamba ni ngoma ya asili, ila ina mwendo mrefu, na mmoja aliuliza kama itakuwepo kila Jumatatu.

Jioni wenye nyumba walipodai nyumba zao, karani alipekua sheria akakuta kwamba Mkazi Mpya ana haki ya kuchagua nyumba yoyote iliyotunzwa na Wizara. Wakachagua. Mama Chausiku alichagua na karai.

*

Yalipita majuma matatu. Mzee Pazi alikuwa sasa yumo kwenye kundi la simu, ambamo alilalamika kila asubuhi, kwa adabu, kwamba mbwa hawaamkii. Jogoo aliwika alfajiri, akiwa na sweta.

Siku moja mchana ikasikika hodi mlangoni, mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyelelewa.

Alikuwa Bwana Gaudensi. Alikuwa na sanduku, mkeka uliokunjwa, na picha ya bibi yake kwapani. Shingoni alikuwa na taji la maua, limeanza kunyauka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kota zetu za wafanyakazi zimependezeshwa. Zimezungushiwa mstari jana."

"Wewe si ndiye unayezijua hizo mbinu?" alisema Bi Hadia. "Imekuwaje ukavuka?"

"Alikuja mwenzangu wa ofisini, tukala, akaaga. Nilikuwa nimeshika mlango, mama, kwa mikono miwili. Halafu akaanza kunisimulia."

Mzee Pazi akaacha kugonga. "Ya ufunguo?"

"Ya ufunguo. Mimi walinipa ile inayoishia kwenye kofia. Yeye wamempa inayoendelea mbele kidogo."

Mzee Pazi akasogeza kigoda, akainama mbele, nyundo imesimama hewani.

"Sasa, mwanangu. Akaingia nani?"

Bwana Gaudensi akaweka picha ya bibi chini, taratibu, ikiwa imegeukia ukutani.

"Sijui, mzee," alisema. "Nilipofika mstarini, ndiyo kwanza alikuwa anavua kofia."

Bi Hadia akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali, akaiweka mbele yake.

"Kula," alisema. "Kile kibanda cha uani ni kitupu, utalala humo. Lakini nisikilize vizuri, Gaudensi. Siku ukiaga katika nyumba hii, unaaga kwa kupunga mkono."